Retraite hii ni ya nani

Siku ya posho, mangaribi. Baridi ya asubui haikuisha leo, na vumbi ya barabara ya camions ya mawe imeingia mpaka mu sahani. Mukono yangu ya kuume imevimba. Ninaandika na kidole moja ku telefone, kwa hiyo munisamehe makosa.

Leo nimepiga mutu na mwiko. Si mwiko ya nyumba, ile ya kilio, ya matanga, mukubwa, ya kusonga bukari, ugali ya batu bengi. Nilimupiga ku mukono, kisha ku uso, na nilisikia kitu inavunjika. Sikujua kama ni jino yake ao ni mwiko. Nimerudi kuangalia: mwiko iko muzima.

Siombe musamaha. Mi ni mutoto ya Tenke, baba yangu alifanya kazi ku treni, na alitulea sisi bote namna moja, babibi na babwana: mutu akikupiga, umujibu mbele ya kulia. Bwana yangu anasema njo sababu niko na makovu ku magoti yote mbili. Anasema vile anacheka, mpaka kikohozi inamukamata.

Lakini siku haikuanza na mwiko. Ilianza na retraite, franga ya uzee. Nieleze vizuri, juu nikikasirika ninaruka maneno.

Bwana yangu, Tata Nadège, alimaliza kazi mwaka huu ku concasseur, ile mashini yenye inavunja mawe ya shaba mpaka inakuwa unga. Vumbi yake iko mu mapafu yake. Kampani ilimupa décompte final, franga ya mwisho, na munganga alimupa picha ya kifua. Byote bibili bilifika mu juma moja. Munganga hakusema inabakia miaka ngapi. Alisema tu "mujipange", na mi nilitaka kumukamata shingo.

Nadège, mutoto yetu ya kwanza, anafanya kazi ku banki kule Lubumbashi. Njo yeye alituletea shauri: tusikule ile franga, tusijenge nyumba ya kupangisha batu benye hawalipe, tuiweke ku placement, izae. Alituonyesha mafungu mbili.

Fungu ya kwanza inanunua sehemu mu bakampani benye banagawa faida kidogo, lakini banajulikana kuongeza mwaka kwa mwaka. Leo unapata ya chumvi. Mwaka ujao ya chumvi na mafuta. Kisha miaka mingi, kama mambo inaendelea vizuri, juu hakuna mwenye aliapa, inaweza kulisha nyumba nzima. Fungu ya pili inalipa mingi kila mwezi, tangu mwezi ya kwanza. Shida ni hii: haikomae. Bei inapanda ku soko, yeye inabakia pale pale. Na mwaka yenye faida haitoshe, Nadège alisema, inaweza kukata ku franga yako yenyewe na kukurudishia kama malipo. Alisema vile pole pole, na sauti ya banki. Nilimuelewa. Ni kama mutu mwenye anabomoa nyumba yake mwenyewe apate kuni, na anafurahi juu moto inawaka.

Tungeweza kugawa nusu kwa nusu, lakini franga ile si mingi, ukiikata mbili kila nusu inakosa nguvu. Tulipaswa kuchagua mbele ya siku ya kwanza ya juma yenye inakuja, banki ikifungua. Compte ya banki iko mu majina yetu bawili. Mumoja akikufa, mwenzake anabakia nayo. Ilibakia tu kugusa kisanduku kimoja ku telefone.

Sasa, mutu mwenye hatujue atafikiri bwana njo anataka kukula leo, na bibi njo anachunga. Kwetu ni kinyume. Mi njo nilitaka ile ya kulipa mingi. Bwana yangu njo alitaka ile ya pole pole.

Tumegombana mwezi nzima.

Yeye iko na neno moja tu. "Mama Nadège, weye utaishi." Anasema vile ku meza, anasema vile ku kitanda, anasema vile nikimuosha mugongo. Na kila mara akisema, mi ninavunja kitu. Nilivunja bilauri yenye bamama ya paroisse balinipa. Nilipasua beseni. Juzi nilitupa sufuria ya sombe, majani ya muhogo, ku ukuta, na alama yake iko pale mpaka leo, rangi ya majani kabisa. Yeye aliangalia ukuta, akasema sombe ilikuwa muzuri.

Juu ananiambia nini? Ananiambia nikae, kichwa baridi, nipime miaka yake na miaka yangu, halafu nichague yangu. Fungu ya kwanza ni ya mutu mwenye wakati. Kuigusa ni kusema mbele ya mutoto yangu, mbele ya banki na mbele ya Mungu, kama ninajua nani hatakuwa. Banasema muvumilivu hula mbivu. Hawaseme atakula na nani.

Mi nilitaka akule sasa. Nilitaka samaki kila siku, dawa ya kweli ya pharmacie ya kweli, kitanda yenye inainua kifua, safari moja ya Sandoa aone kaburi ya mama yake. Franga ikiisha, iishe. Nitauzisha mikate pa barabara, nilishauzisha.

Na yeye, mutu mupole vile, alijua pa kunichoma. "Weye unataka posho," alisema. Hapa kwetu samedi, Jumamosi, inaitwa siku ya posho juu zamani kampani iligawa unga siku hii. Bababu yetu balipanga mustari, balipata unga, balikula, balingoja ingine. Kampani ikafunga, balibakia na mufuko wazi mu mukono. Anasema tumezoea unga mpaka tunafikiri kila franga ni unga. Ilinichoma juu ni kweli. Njo nilipasua beseni.

Asubui ya leo tuligombana tena, mbele ya chai. Niliondoka bila kumuaga, nikaenda ku kilio.

Kilio ilikuwa kwa Mama Béa, jirani yetu hapa Manika. Bwana yake, Flory, alikuwa négociant: ananunua mawe ku bacreuseurs, bachimbaji ya mukono, anauzisha ku madépôt ya banunuzi bakubwa. Alikufa ku barabara ya Fungurume, gari yake iliingia chini ya camion. Tulimuzika juma hii. Flory alikuwa mutu muzuri, sitasema ingine. Alipata mingi na alileta mingi. Kila siku ya posho alichoma mbuzi mbele ya mulango, muziki nguvu, na mwenye anapita anapewa kipande. Avenue nzima ilijua wakati franga imefika kwa Flory, ilisikia harufu yake. Famille yake pia ilijua. Hawakukosa hata mbuzi moja.

Leo ilikuwa siku ya kutosha kilio, kuimaliza. Kwetu kutosha kilio ni kusali, kunawa, kukula pamoja, halafu kila mutu anarudi kwake. Bandugu ya Flory balikuja na camion.

Nilikuwa nyuma ya nyumba, ninasonga bukari na bamama bengine, wakati nilisikia Béa analia. Nilijua si ya mufu. Mutu akililia mufu sauti inapanda na inashuka. Hii ilikuwa inakatika.

Niliingia. Yaya mukubwa ya Flory, kaka yake, alikuwa amemukamata nywele na kitambaa ya kichwa pamoja, anamukokota toka chumba mpaka salon. Alikuwa anamuuliza franga ya kila siku ya posho iko wapi. Béa alisema ilikufa na mwenye alikuwa anaileta. Yaya alimupiga kichwa ku fremu ya mulango, akamuuliza tena. Béa akajibu vile vile. Akamupiga tena, na ukuta ikapata damu. Shangazi moja, mama muzee wa rozari mu shingo, alikuwa amekalia mukono ya Béa, anavuta pete. Mwengine alikuwa anakunja godoro pamoja na nguo ya batoto ndani. Juu ya nyumba nilisikia nyundo. Balikuwa banatosha mabati, banayangoa.

Na banaume ya avenue balisimama pa mulango. Banaume benye banabeba mifuko ya mawe ku mabega siku nzima balisimama mikono nyuma, kama batu benye banangoja misa iishe. Banasema ni mambo ya famille.

Mi nilikuwa na mwiko mu mukono, na bukari ya moto juu yake.

Sikufikiri. Nilimupiga yule yaya ku mukono, akaachilia nywele. Akageuka, nikamupiga ku uso, bukari ikamushika ku jicho, akalia kama ngombe. Nilisikia utamu. Ninaandika juu ni kweli: nilisikia utamu mpaka mu tumbo. Nilikuwa ninamupiga yeye, ninapiga munganga, ninapiga concasseur, ninapiga mwezi nzima ya "weye utaishi".

Halafu balinikamata. Mumoja alinisukuma nyuma, nikaanguka juu ya sufuria ya muchuzi. Balinipiga mateke ku mbavu, moja ikanishika ku jicho. Mutu alikanyaga mukono yangu na akageuza kisigino, pole pole, makusudi. Mi niliuma mutu ku kifundo ya mguu, sijue nani, alikuwa na soksi. Shangazi wa rozari alinitemea mate.

Toka pale chini niliona biatu yenye ninajua. Biatu ya Tata Muteba, yaya ya bwana yangu. Muteba ni mukulima na muuzaji ya mahindi kule Sandoa, hatukumuona miaka mingi. Tangu décompte inasikilika, amekuja kutusalimia, na angali anatusalimia. Nilimuinulia macho. Nilifikiri atanishika mukono, ao hata atasema "muache bibi ya mudogo yangu".

Hakuwa ananiangalia mi. Alikuwa anaangalia namna banabeba. Televizio kwanza, kisha godoro, kisha biti ya kukalia. Aliangalia kama mutu anajifunza kazi. Halafu akasema, bila kuinama: "Shemeki, utoke pale, ni mambo ya famille."

Nimepata mateke leo, lakini ile njo iliniumiza.

Kilichobakia ilikuwa congélateur, sanduku ya barafu. Ni ya Béa mwenyewe, anauzisha ndani yake samaki ya barafu na maji ya sachet, tangu mbele ya Flory kupata franga. Flory alimuambia mara mingi aiache, bibi ya négociant hauzishe maji. Yeye alibakia nayo. Banaume bawili baliichomoa ku courant ya umeme, baliitosha inje, banaipeleka ku camion.

Na pale njo bwana yangu alifika.

Batu balimuitia, sijue nani. Alitembea toka nyumba yetu anapumzika ku kila kibaraza ya mulango ya batu, na si mbali. Hakupiga kelele, hana pumzi ya kelele. Alipita katikati ya ile banaume benye mikono nyuma. Banaume bawili balikuwa bameweka congélateur chini kidogo babadilishe mikono. Bwana yangu alipanda akakaa juu yake. Miguu yake haikugusa chini.

"Mubebe," alisema.

Balijaribu, kweli. Ni mutu mwepesi sasa, lakini congélateur ilijaa samaki. Yaya ya Flory alikuja, uso yake ya damu na bukari, akamukamata ku shati amuvute. Pale kikohozi ilifika. Ilifika yote. Bwana yangu alikunjika, na damu ilitoka ku kinywa ikaanguka juu ya kifuniko nyeupe, na juu ya mukono yenye ilikuwa imemushika.

Yule mutu aliachilia mbio. Alipanguza mukono ku suruali, akapanguza tena, akapanguza ku ukuta. Hapa kwetu batu banaogopa damu ya kifua kuliko risasi. Yenye bwana yangu iko nayo ni vumbi, haiambukize mutu, munganga alitueleza vizuri. Bwana yangu hakubaeleza bao. Alipanguza kinywa, akabaangalia mumoja mumoja, na akauliza: "Nani mwengine anataka kunishika?"

Hakuna mwenye alitaka.

Camion ilienda na televizio, na godoro, na mabati kadhaa, na pete. Congélateur ilibakia. Sasa niseme kitu yenye niliona. Béa alisimama. Damu ilikuwa inashuka nyuma ya sikio mpaka mu nguo ya kilio. Mbele ya kujipanguza, mbele ya kulia, mbele ya kunishika mi niko chini, alivuta congélateur mpaka mu salon na alirudisha fishi ya waya ku courant. Aliweka sikio pa kifuniko asikie kama inafanya kazi.

Nilimuchukia. Dakika moja, kabisa. Bwana yako tumemuzika juma hii, nilisema mu roho, na weye unachunga samaki.

Halafu nilijua ni nani nilikuwa ninaangalia.

Balimupeleka ku dispensaire kumushona. Bwana yangu na mi tulirudi kwetu, tunashikamana, sijue nani alikuwa anashika mwenzake. Nilimuosha kinywa. Nilifikiri atajisifu, ningemuachia ajisifu. Alikaa ku kiti, akangoja pumzi irudi.

"Flory alimulisha Béa vizuri," alisema.

Nilisema ndiyo.

"Alimulisha tu."

Akasema tena: "Muteba njo alinisaidia kushuka ku congélateur. Mbele miguu yangu iguse chini, aliniuliza kama décompte ilishaingia."

Pale nilimupiga. Bwana yangu. Nilimupiga ku kifua, na ngumi, na ile mukono yenye imevimba, ku kifua yenye niko ninapakaa mafuta kila siku. Nilimuambia akufe basi. Akufe mbio, kama anajua vizuri vile, nione hiyo miaka yenye ananigawia. Nilimuambia mambo ingine, sitaandika. Aliniacha nipige. Hakuinua mukono hata ya kujizuia. Wakati maumivu ilinishinda, alishika ngumi yangu, akaifungua kidole kwa kidole, akatia telefone ndani.

"Gusa."

"Gusa weye."

"Mi nilishakaa ku congélateur, Mama Nadège. Sasa ni zamu yako."

Niligusa ya kwanza. Ile ya chumvi.

Ninaweza kujieleza kama mutu ya akili. Ile haina harufu ya mbuzi. Muteba akiuliza inalipa ngapi ku mwezi, tutamuambia kweli, na ataona haienee hata tiketi yake ya kurudi. Hakuna mutu ataipandisha mu camion. Byote ni kweli, na Nadège atafurahi, ataongeza maneno ya banki juu yake. Lakini si juu ya ile niligusa. Niligusa juu niliona Béa anarudisha fishi, na nilijua hata mi nitairudisha. Damu ikishuka, nitairudisha. Bwana yangu alijua mbele yangu. Njo ile nilikuwa ninavunjia bilauri.

Tuko pale sasa. Muteba iko inje, anangoja chakula. Atakula, juu ni yaya, halafu kesho nyuma ya misa nitamubebea mufuko yake mpaka ku gari ya Sandoa, mi mwenyewe, na hii jicho yenye imevimba, na nitasimama mpaka gari iondoke. Akitaka kuniambia ni mambo ya famille, mwiko sijairudisha bado.

Nilienda kwa Béa na nilinunua samaki. Mudogo yake njo alinifungulia, Béa alikuwa analala na kichwa ya bandeji. Nilipika na nyanya mingi. Bwana yangu alikula nusu, akaniuliza kama ile fungu yetu itatosha samaki ya namna hii. Nilimuambia mwaka huu itatosha kichwa. Alicheka, akakohoa, akacheka tena. Alisema kichwa njo tamu.

Nimechagua miaka yenye sitaki. Basi ikuje pole pole, kama ile faida yake, kidogo kidogo, na siku ya posho ingine inikute ninamugombeza mutu mu hii nyumba.

Ananiita nimupakae mafuta ku mugongo. Ninaenda.